Bunduki Kuukuu za Majeshi: Mwongozo wa Kuelewa Upatikanaji na Bei Zake

Bunduki ya ziada ya kijeshi ni silaha iliyotengenezwa kwa mkataba wa serikali, ikabebwa na askari au ikalala ghalani kwa miaka mingi, kisha serikali hiyo ikaona haiihitaji tena na kuiuza kwa wafanyabiashara, ambao nao huwauzia raia. Ni mtumba wa jeshi, na jina hilo linaifaa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa huja kwa makontena, ubora wake hutofautiana kutoka kipande hadi kipande, na anayewahi kufungua mzigo ndiye anayepata kilicho bora. Tofauti moja, hata hivyo, ndiyo inayotawala kila bei itakayotajwa katika mwongozo huu. Shati la mtumba lina viwanda nyuma yake vinavyoendelea kushona, ilhali M1 Garand ya mwisho ya jeshi la Marekani ilitoka kiwandani mwaka 1957, na bunduki ya Mauser 98k ya jeshi la Ujerumani ilikoma pamoja na vita mwaka 1945. Kwa hiyo bei ya bunduki hizi haiendi kama bei ya mahindi, ambayo hupanda wakati wa kiangazi na kushuka wakati wa mavuno. Hapa hakuna mavuno mengine yanayosubiriwa, bali kuna maghala yanayofunguliwa na kufungwa, na kila ghala lina mwisho wake.

Mwongozo huu unamhusu hasa mtu anayeishi mahali ambapo sheria humruhusu raia kukusanya silaha za kihistoria, na kwa kuwa soko kubwa kuliko yote liko Marekani, mifano mingi imechukuliwa huko na bei zimetajwa kwa dola. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba soko la namna hii halipo kwake: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na katika nchi zote mbili kila bunduki inahitaji leseni inayotolewa kwa sababu maalumu, si kwa ajili ya kupamba ukuta wa sebule. Hata hivyo msomaji huyo naye ana haki ya kuelewa mambo haya, kwa sababu baadhi ya bunduki zinazouzwa leo kwa bei ya juu huko ng'ambo zilipita mikononi mwa askari wa Afrika Mashariki.

Milango na tarehe zake

Anayetaka kujua kwa nini bunduki fulani ni rahisi leo na ghali kesho aanze na tarehe kabla ya kuangalia bei. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Ulaya yalibaki na mamilioni ya bunduki za kuvuta bolti, yaani zile ambazo mpigaji huvuta na kusukuma kitasa cha chuma kwa mkono baada ya kila risasi, wakati ambapo majeshi hayohayo yalikuwa yakihamia kwenye bunduki zinazojijaza zenyewe. Mfanyabiashara Samuel Cummings aliiona nafasi hiyo, akaanzisha kampuni ya Interarms mwaka 1953, na maghala yake ya Alexandria, Virginia, yakajaa Mauser, Lee-Enfield na Carcano zilizonunuliwa kwa jumla kutoka serikali zilizotaka kuondoa mzigo. Bunduki hizo ziliuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa posta, kwa matangazo ya magazetini yaliyokuwa na kuponi ya kukata na kujaza.

Viwanda vya bunduki vya kaskazini-mashariki mwa Marekani vililalamika kwamba mtumba huo unaua biashara yao, na mwaka 1958 seneta wa Massachusetts, John F. Kennedy, aliwasilisha muswada wa kuzuia uingizaji wake. Kilichopita kilikuwa kidogo kuliko alichokiomba: zuio liliwekwa kwa silaha zilizotengenezwa Marekani na kupelekwa nje kama msaada wa kijeshi, na mzigo wa Ulaya ukaendelea kuingia. Miaka 5 baadaye, seneta huyohuyo, wakati huo akiwa rais, aliuawa Dallas kwa Carcano ya Kiitaliano ambayo Lee Harvey Oswald aliiagiza kwa posta kutoka Chicago kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 ilikomesha uuzaji wa bunduki kwa posta kwa raia wa kawaida, na ikafunga kabisa uingizaji wa bunduki za ziada za kijeshi kutoka nje.

Mlango huo ulikaa umefungwa miaka 16. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliruhusu tena uingizaji wa silaha za kijeshi zinazohesabiwa kuwa za kihistoria, yaani, kwa kanuni ya jumla, zilizotimiza miaka 50 tangu kutengenezwa zikiwa katika umbo lake la asili, pamoja na nyingine chache zilizotambuliwa rasmi kwa umuhimu wake. Hapo ndipo lilipoanza wimbi ambalo wakusanyaji wengi walio hai wanalikumbuka. Bunduki za SKS kutoka China ziliuzwa chini ya dola 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti, Mosin-Nagant zilimiminika kutoka maghala ya Urusi na Ukraine. Uswisi ikatoa K31 zake, Yugoslavia ikatoa M48, na Mauser 98k ambazo Wasovieti waliziteka kwa Wajerumani zikatoka masandukuni baada ya nusu karne.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine, na kila kufungwa kuna tarehe yake. Mei 1994 serikali ya Rais Clinton ilipiga marufuku uingizaji wa bunduki na risasi kutoka China. Agosti 2013 serikali ya Rais Obama ilitangaza kwamba wafanyabiashara binafsi hawataruhusiwa tena kurudisha nchini silaha za kijeshi zilizotengenezwa Marekani, hatua iliyozigusa hasa Garand na karabini za M1 zilizokuwa Korea Kusini. Septemba 2021 vibali vipya vya kuingiza silaha na risasi za Urusi vilisitishwa, na tangu Februari 2022 vita vya Ukraine vimeyameza maghala ya risasi za Kisovieti ambayo wapiga shabaha wa Marekani walidhani hayataisha; hata Mosin zenyewe, bunduki ya mwaka 1891, zilionekana mikononi mwa askari walioandikishwa kwa lazima Donetsk.

Funzo la kwanza kwa mnunuzi linapatikana hapa. Tangazo la zuio linapotoka, bei hupanda mara moja kwa hofu, hutulia kidogo baada ya miezi, kisha huanza kupanda polepole kadiri mzigo uliokwishaingia unavyosambaa majumbani mwa watu. Anayenunua katika wiki ya hofu hulipa zaidi ya anayesubiri, lakini anayesubiri miaka 10 hulipa zaidi ya wote wawili.

Bei kwa saa za kazi

Watu wengi hulinganisha bei za zamani na za sasa kwa dola tupu, na kwa njia hiyo hujidanganya, kwa sababu dola ya 1963 si dola ya leo. Kipimo kilicho karibu zaidi na maisha ya mtu ni saa za kazi. Mwanzoni mwa 1963 kima cha chini cha mshahara wa Marekani kilikuwa dola 1.15 kwa saa, na Carcano ya Chicago bila darubini ilitangazwa kwa dola 12.78, ambayo ni kama saa 11 za kazi. Karibu mwaka 2010 kima hicho kilikuwa dola 7.25, na Mosin-Nagant ya mtindo wa 91/30 ilipatikana kwa takriban dola 80, ambayo nayo ni kama saa 11. Vizazi viwili vilitenganishwa na miaka karibu 50, bunduki zenyewe zilitoka nchi tofauti, na bado mtu wa kipato cha chini alitoa jasho lilelile ili kuipata.

Ulinganifu huo una maelezo yake. Mlango unapokuwa wazi na ghala likiwa limejaa, bei haiamuliwi na thamani ya bunduki bali na gharama ya kuisafirisha, kuipakua na kuiuza, pamoja na faida ndogo ya muagizaji. Ni bei ya kazi ya bandarini na dukani. Ghala linapokwisha, bei huanza kuamuliwa na wakusanyaji wanaoshindania idadi isiyoongezeka. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani bado ni dola 7.25, na Mosin iliyo katika hali ya kawaida sasa huuzwa kwa dola mia kadhaa. Ikinunuliwa kwa 400, ni saa 55 za kazi. K31 ya Uswisi, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa chini ya dola 150, imefuata njia hiyohiyo na kuipita.

Wapo wanaoamini kwamba bei hizi zitarudi chini kama zilivyorudi baada ya 1984. Hoja yao ina udhaifu mmoja mkubwa. Maghala ya wakati ule yalijaa bunduki za kuvuta bolti na za kujijaza zenyewe bila kufyatua mfululizo, ambazo sheria inaweza kumruhusu raia kuzimiliki. Bunduki ambazo majeshi ya dunia yamestaafisha tangu hapo, kama G3, FAL na familia ya Kalashnikov, nyingi hufyatua mfululizo, na sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inamzuia raia kumiliki yoyote ya namna hiyo iliyoandikishwa baada ya tarehe ya sheria hiyo. Kwa sababu hiyo haziingii zikiwa nzima. Hukatwa kwa moto wa gesi na kuingizwa kama vipuri. Hakuna ghala jingine kubwa la bunduki za kizamani linalosubiri mahali fulani kufunguliwa, isipokuwa mabaki madogo.

Mabaki ya Afrika Mashariki

Moja ya mabaki hayo lilikuwa Ethiopia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 shehena ya bunduki za maghala ya Ethiopia ilianza kuuzwa Marekani, na ndani yake zilikuwamo Carcano zilizoachwa na jeshi la Mussolini, lililoivamia nchi hiyo mwaka 1935 na kushindwa mwaka 1941, pamoja na Mauser za Kibelgiji zilizoagizwa na serikali ya Mfalme Haile Selassie. Hali yake ilikuwa mbaya kwa kiasi kikubwa: mbao zilizopasuka na kufungwa kwa waya au ngozi, vilengeo vilivyovunjika, mitutu iliyoliwa na kutu. Mnunuzi aliyetaka kupiga shabaha alivunjika moyo, ilhali mkusanyaji wa historia alipata kitu ambacho ghala la Ulaya haliwezi kutoa, kwa kuwa ukarabati wa fundi wa kijijini unaonekana wazi kwenye mbao, na ukarabati huo wenyewe ni ushahidi.

Kwingineko mlango haukufunguliwa, na huenda hautafunguliwa. Lee-Enfield ndiyo iliyobebwa na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na nchini Kenya namba 4 ya bunduki hiyo, inayojulikana kwa jina la Mark 4, ilibaki mikononi mwa polisi wa akiba wa maeneo ya wafugaji muda mrefu baada ya uhuru. Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini Aprili 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzitambua silaha za serikali zilizozidi au zilizopitwa na wakati na kuziondoa kwa uwajibikaji, na njia inayopendelewa ni kuziharibu. Silaha haramu zinazokamatwa nazo huishia motoni: Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Kwa eneo ambalo bunduki kuukuu iliyotoroka ghalani huua watu katika wizi wa mifugo, uamuzi huo ni sahihi, hata kama mwanahistoria atasikitika kuona chache zenye thamani ya makumbusho zikiteketea pamoja na nyingine.

Bunduki za vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani zinahitaji tahadhari ya pekee. Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni hilo, zilikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi, zenye moshi uliomfichua mpigaji, na hadi kikosi cha kamanda wake, Lettow-Vorbeck, kinasalimu amri Abercorn Novemba 1918, silaha zake nyingi zilikuwa zimetekwa kwa Waingereza na Wareno. Mauser halisi iliyothibitika kutumiwa na askari wa huko ni adimu sana, na kila kilicho adimu hughushiwa, kwa hiyo muuzaji anayetegemea hadithi ya babu aliyepigana Tanga bila alama wala hati alipwe bei ya bunduki ya kawaida tu.

Hatua za mnunuzi

Jambo la kwanza ni haki ya kisheria. Nchini Marekani raia na mkaazi wa kudumu wanaweza kumiliki bunduki endapo hawana kizuizi kingine cha kisheria, lakini mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida amekatazwa, na misamaha iliyopo, kama ule wa mwenye leseni ya uwindaji, ni michache. Mswahili aliyeko Ohio au Minnesota kwa viza ya masomo asiingie kwenye biashara hii kwa kuona wenzake wanaingia. Mkusanyaji anaweza kuomba leseni ya serikali kuu inayogharimu dola 30 kwa miaka 3, ambayo humruhusu kuletewa nyumbani silaha za kihistoria kutoka majimbo mengine bila kupitia duka, kwa sharti kwamba aweke daftari la kila anachonunua na kuuza na asifanye biashara kwa leseni hiyo. Sheria za majimbo zinaweza kuwa kali zaidi. Uingereza na Kanada zina vibali vyake, na bunduki iliyonunuliwa kihalali ng'ambo haiwezi kuletwa Dar es Salaam au Mombasa ndani ya sanduku la nguo kama zawadi. Hilo ni kosa la jinai kubwa katika nchi zote mbili.

Garand ina njia yake ya pekee. Civilian Marksmanship Program, shirika lisilo la faida lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 kuchukua nafasi ya ofisi ya jeshi iliyofundisha raia kulenga shabaha, huuza M1 za jeshi la Marekani moja kwa moja kwa raia wa nchi hiyo waliojiunga na klabu inayotambuliwa na wenye ushahidi wa kushiriki mazoezi ya shabaha. Mwishoni mwa miaka ya 2010 lilipokea makumi ya maelfu ya Garand zilizorudishwa na Ufilipino na Uturuki, ambazo zilikuwa za mkopo wa serikali kwa serikali na hivyo hazikuguswa na zuio la 2013. Shirika huzipanga kwa madaraja kulingana na uchakavu, na kwa kuwa maelezo ya madaraja huandikwa kwa uaminifu, bei yake ndiyo kipimo kizuri cha kuhukumia bei za wauzaji wengine.

Kuhusu bei kwa ujumla, mnunuzi atofautishe bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Mtu anaweza kubandika dola 900 kwenye Mosin na ikakaa mwaka mzima bila mteja. Rekodi za minada iliyokwisha ndizo zinazosema ukweli. Juu ya bei hiyo huongezwa usafirishaji, ada ya duka linalosimamia uhamisho wa umiliki, na risasi, ambazo zimekuwa mtego kwa wengi. Enzi ya bei nafuu, kopo la bati la risasi 440 za Mosin lilinunuliwa kwa bei ya karibu sawa na bunduki yenyewe, na hiyo ndiyo iliyowavuta watu. Leo anayenunua bunduki ya aina isiyotumika tena kijeshi ahakikishe kwanza kwamba kuna kiwanda kinachoendelea kutengeneza risasi zake.

Ukaguzi huanza na usalama: bolti ivutwe nyuma, chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa, itazamwe na kuguswa kwa kidole, na mtutu uelekezwe mahali salama hata baada ya kuthibitika kuwa ni mtupu. Kinachofuata ni mwanga ndani ya mtutu. Mikato ya mzunguko iliyochongwa humo, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja, inapaswa kuwa na kingo zinazoonekana. Weusi kidogo unavumilika, lakini mashimo ya kutu karibu na chemba ni sababu ya kuondoka. Katika Mosin, mdomo wa mtutu utazamwe kwa makini, kwa sababu mafundi wa Kisovieti walipokuta mikato ya mdomoni imelika walikereza sehemu hiyo kwa ndani, hivyo mikato huanza sentimita chache ndani badala ya kwenye ncha. Bunduki ya namna hiyo inaweza kulenga vizuri, ila isiuzwe kwa bei ya ile ambayo haijaguswa.

Mosin hujieleza yenyewe kwa anayeisoma. Zilifika zikiwa 20 katika kila sanduku la mbao, zimepakwa grisi nzito ya rangi ya asali iliyoingia hadi kwenye nyuzi za mbao, na mnunuzi alilazimika kuitoa kwa maji ya moto na vitambaa vingi. Chini yake hutokea tarehe na alama ya kiwanda, nyota yenye mshale ya Tula au pembetatu yenye mshale ya Izhevsk, na zile za 1942 na 1943 zina mikwaruzo ya wazi ya mashine kwenye chuma, kwa sababu viwanda vilikuwa vikikimbizana na vita. Namba huonekana mahali pane: kwenye mtutu, bolti, kifuniko cha magazini na bamba la kitako. Zikiwa zimepigwa kwa muhuri wa zamani na zinalingana, bunduki haijavunjwa. Ikiwa ya zamani imefutwa kwa mstari na mpya kuandikwa kwa kalamu ya umeme, imepita kwenye karakana ya baada ya vita, na bei yake iwe ya chini. Muhuri mdogo wa muagizaji, unaotakiwa na sheria, nao hupunguza thamani machoni pa wakusanyaji, ingawa hauharibu chochote.

Kipimo kisichoruhusu njia ya mkato ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapoegemea. Ikizidi, ganda hupasuka na gesi yenye moto humrudia mpigaji usoni. Fundi mwenye leseni huipima kwa vipande vya chuma vya vipimo maalumu, na gharama yake ni ndogo. Lee-Enfield namba 4 ilitengenezwa na vichwa vya bolti vya ukubwa tofauti vilivyoandikwa 0 hadi 3 ili kurekebisha nafasi hiyo, kwa hiyo bunduki yenye bolti iliyokopwa kutoka bunduki nyingine isipigwe kabla ya kupimwa. Springfield M1903 iliyotengenezwa katika kiwanda cha Springfield yenye namba chini ya 800,000 isipigwe kabisa, kwa kuwa chuma chake kilichomwa kupita kiasi wakati wa kutengenezwa na baadhi zilivunjika vipande. Inunuliwe kwa ajili ya kutazamwa tu.

Risasi nyingi za zamani za kijeshi huwashwa kwa kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kuleta kutu kwa siku chache. Mafuta peke yake hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta siku hiyohiyo.

Katika miaka ya 1950 na 1960, bei ilipokuwa ndogo kiasi cha kutojaliwa, maelfu ya Mauser na Lee-Enfield yalikatwa mbao, yakafupishwa mitutu na kutobolewa kwa ajili ya darubini ili yawe bunduki za kuwindia paa. Leo bunduki iliyokatwa huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ile nzima, na kuirudisha katika hali yake hugharimu zaidi ya kununua nyingine. Mwenye hamu ya bunduki ya kuwindia akanunue mpya ya kiwandani, kwa sababu zile ambazo hazijaguswa zinapungua kila mwaka.

K31 ya Uswisi inaonyesha kinachopotea. Ikifunguliwa skrubu mbili za bamba la chuma la kitako, mara nyingi hupatikana kipande kidogo cha karatasi iliyochakaa, kimeandikwa jina la mwanajeshi, kikosi chake na wakati mwingine mji wake, kwa kuwa Mswisi alipewa bunduki akakaa nayo nyumbani kwa miaka ya utumishi wake. Wapo wauzaji wanaozitoa karatasi hizo na kuziuza peke yake. Mnunuzi atakayeikuta aipige picha, asome kilichoandikwa, kisha airudishe palepale na kuzikaza skrubu.